Kitanda cha Ndagoni

Ukiacha kugawa wali kwenye hitma, Mwanapili alikuwa hajapata kupanga jambo la watu wengi. Kwa hiyo Bi Khairiya, mwalimu wa darasa la jioni la kina mama, aliposema mbele ya wote kwamba safari ya kwenda kuuangalia mji wa kale wa Ras Mkumbuu ataitengeneza Mwanapili, yeye aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu iliyoanguka. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Jambo jepesi hili," Bi Khairiya alisema. "Asubuhi tunatoka hapa Chake kwa gari, tunashuka Wesha, tunapanda mashua. Magharibi kila mtu yuko kwake anachochea moto. Nani hawezi kupanga hivyo?"

"Mie siwezi," akajibu Mwatima kutoka nyuma. "Mie sokoni tu nikienda hurudi bila ya nazi, na nazi ndiyo iliyonipeleka."

Kina mama wakacheka chini ya taa ya karabai, na Mwanapili akacheka nao, na woga ukamtoka. Alipoanza darasa lile alikuwa akiona herufi kama nyayo za kuku kwenye majivu. Sasa alikuwa akisoma ubaoni bila ya kusogeza midomo. Bi Khairiya ndiye aliyewasomea habari za mji ule: msikiti wa mawe uliobaki kuta, makaburi yenye minara iliyopachikwa mabakuli ya nchi za mbali, na watu wake walioondoka na hakuna ajuaye kwa yakini walikwenda wapi. Mji mzima, na uko mwendo wa asubuhi moja kutoka Chake, mji mkuu wa kisiwa, ambako wao wanashinda wakigombania bomba la maji. Hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa ameufikia.

Basi Mwanapili akapanga. Alimtafuta Msellem, nahodha wa mashua ya Wesha, ambaye huja Chake na samaki, akamuuliza habari za maji kujaa na kupwa kama mtu aliyezaliwa pwani. Alimpa Mwatima kazi ya kupika mikate ya kumimina, akampa mwengine ya kukaanga samaki, akasisitiza kila mtu achukue maji yake yaliyochemshwa. Chakula cha mchana hakikumsumbua. Njiani mwa magofu kuna kijiji cha Ndagoni, na Ndagoni alikuwa na mtu wake.

"Mwambie Bi Mwanawema," alimtuma Msellem, "Jumapili tunakuja, mimi na wenzangu wa darasani. Tutakula kwake mchana halafu tuende tukaangalie mji. Na Nyange pia nitakuja naye, amwone alivyokua."

Alijipiga kifua moyoni. Safari nyepesi, kama alivyosema mwalimu.

Sasa huyu Bi Mwanawema hakuwa jamaa yao wa damu. Alikuwa msusi wa mikeka, mjane asiye na mtoto, na kila alipokuja Chake kuuza mikeka alikuwa akilala kwa Bi Mwatum, bibi yake Mwanapili, aliyemlea Mwanapili baada ya wazazi kufariki. Mwanapili alipoolewa na Ahmada, fundi cherehani, alizaa mara mbili na mara mbili akazika. Alipozaa mara ya tatu, Bi Mwatum hakungoja. Siku ya saba, jua likiwa bado jembamba, alimchukua mtoto, akamfunika kipande cha kanga kuukuu, akaenda kumlaza jaani nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya muhogo na majivu, kama kitu kisicho na thamani. Mtoto asiyetakiwa, mauti nayo hayamtaki. Ndivyo wazee walivyokuwa wakifanya.

Bi Mwanawema akapita na mikeka yake kichwani, akaitua, akamwinua mtoto.

"Nimeokota mtoto jaani. Ni wa nani huyu?"

"Hatumjui," wakajibu majirani.

"Hatumjui," akajibu Ahmada kutoka mlangoni.

Na Mwanapili, ambaye maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake, alisema kutoka dirishani, "Hatumjui."

"Basi ni wangu. Anaitwa Nyange. Nani hapa atanilelea mwanangu mpaka akue?" Na Bi Mwanawema akampitisha mtoto dirishani, mikononi mwa mama yake.

Nyange hakufa. Alipata homa akapona, alipata surua akapona. Desturi inataka mtoto akishatembea, mama amwendee yule mwokotaji na doti ya kanga za kisutu na jogoo aliyepikwa, amkomboe. Lakini kabla Nyange hajatembea, Bi Mwatum alifariki, na Mwanapili akaingia darasa la jioni. Huko alijifunza habari za mbu na chandarua, za kuchemsha maji na kumpeleka mtoto hospitali mapema. Akaona wazi kilichomweka hai mwanawe. Mambo ya jaani yakabaki kuwa mchezo wa wazee, wa kuchekea wakati wa kusuka nywele. Doti ya kisutu alipopata aliivaa.

Siku chache kabla ya safari, Msellem alikuja na changu wawili kwenye kamba ya ukindu, akasimama nje ya mlango.

"Salamu zimefika, Bi Mwanapili. Bi Mwanawema kafurahi hata kalia. Anasema mlezi asihangaike na nguo za mtoto, zipo. Kitanda kishatiwa kamba mpya. Na mwalimu wa chuo cha Kurani keshaambiwa, ubao uko tayari."

Mwanapili alikuwa akimwogesha Nyange kwenye beseni. "Mlezi gani?"

Msellem akawatazama samaki wake. "Weye, nadhani. Kasema, mpe salamu mlezi wa mwanangu, mwambie kalea vizuri, Mungu amlipe."

"Mwambie aache mzaha huyo bibi."

"Hakuwa na mzaha. Nyumba kaipaka chokaa upya, na wanakijiji wote wanajua kuwa Jumapili mwanawe anarudi." Akauning'iniza ule mtungo wa samaki kwenye msumari. "Mie nilidhani mmeshazungumza."

Akenda zake. Mwanapili alibaki amechuchumaa, kata ya maji mkononi, asijue kama alikuwa akitaka kummwagia mtoto au alikuwa ameshammwagia. Nyange, mwenye povu masikioni, alimvuta kidole. "Mama, baridi." Ndipo akamtoa kwenye beseni, akamkumbatia vile vile alivyolowa.

Ahmada alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani. Mwanapili alimweleza akitarajia acheke. Alitaka sana acheke. Ahmada aliacha kukanyaga, akaiinua sindano, akaukata uzi kwa meno, polepole mno.

"Kwani hukumkomboa?" akauliza.

"Ahmada."

"Nauliza tu. Mie nilijua bibi yako alimaliza jambo hilo."

"Bibi yangu alikufa mtoto hajasimama. Na weye unazungumza kama kwamba kuna jambo la kumaliza. Nimemzaa mie. Umeniona nikimzaa."

"Nilikuona. Halafu nikasimama pale mlangoni, mbele ya watu, nikasema simjui." Aliutazama mlango ule kana kwamba alikuwa bado amesimama humo. "Kizee kile kikija hapa na wazee wa Ndagoni, nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nasema uongo?"

"Ulikuwa unasema uongo."

"Na uongo huo ndio ulionipa mtoto mzima," alisema Ahmada. "Wawili wa mwanzo tuliwakubali, tukawazika."

Mwanapili hakuwa amepigwa kofi tangu utotoni, lakini shavu lake lilimuwaka vile vile.

Jioni ile alikwenda darasani mapema, kabla ya karabai kuwashwa. Bi Khairiya alikuwa akifuta ubao. Huyu ni mtu aliyesoma, Mwanapili alijiambia, huyu ndiye aliyetufundisha mbu. Akamsimulia yote kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho, na mwisho akajitahidi kutabasamu.

Mwalimu hakutabasamu. Alikiweka kifutio mezani.

"Hukumkomboa, Mwanapili?"

"Na wewe pia, mwalimu?"

"Mimi niliokotwa jaani kule Vitongoji," alisema Bi Khairiya. "Mama alinikomboa kwa kisutu na kuku kabla sijaota magego. Sikuambii kwamba jaa lilinitia uhai, sijui. Nakuambia habari ya yule mwanamke. Hana mtoto, na watu wazima wamesimama mbele yake wakamwambia, huyu ni wako. Unadhani kwa miaka yote hii amekuwa akicheza?"

Hilo Mwanapili hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria mbu na maji na homa, na hakuwa amemfikiria hata mara moja mtu anayekaa peke yake Ndagoni akihesabu umri wa Nyange kwa vidole vyake mwenyewe. Nguo ndogo za kila Idi, zilizokuwa zikija na Msellem, alikuwa akizipokea kama zawadi. Sasa alizikumbuka moja moja: kanzu, kofia, kanzu ndefu zaidi. Hazikuwahi kumbana wala kumpwaya. Mtu alikuwa akipima kwa mbali.

"Nimwache nyumbani Jumapili?" akauliza.

"Ukimwacha atakuja kumchukua mwenyewe. Nenda na doti, nenda na jogoo. Sisi sote tutakuwepo."

Jumapili walitoka Chake kama ilivyopangwa. Gari liliwafikisha Wesha jua halijapanda, mashua ilikuwa ikingoja, maji yalikuwa yamejaa kama alivyoahidi Msellem. Mpango wote ulikwenda sawa, na Mwanapili hakufurahia hata kipande chake kimoja. Alikaa na Nyange mapajani, sufuria la wali na jogoo miguuni, doti mpya ya kisutu ndani ya buibui. Mwatima alijaribu kumchangamsha.

"Mwenzangu, mie ningekuwa na watu wawili wanaomgombania mwanangu ningeshukuru. Wangu mie nikimtoa bure watamrudisha kabla ya adhuhuri."

Hakuna aliyecheka sana.

Bi Mwanawema alikuwa amesimama ufukweni. Alikuwa mdogo kuliko Mwanapili alivyomkumbuka, mwembamba, mikono imepauka kwa ukindu. Alimsalimu kila mtu kwa zamu, akamkaribisha kila mtu, hakumgusa mtoto. Alimtazama tu, kutoka unyayo mpaka utosi, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo umefika mzima.

Nyumba ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Chumbani, karibu na dirisha, kilikuwepo kitanda kidogo cha kamba, kimetandikwa mkeka mpya wa rangi nyekundu na samawati. Kwenye ukuta, kwa urefu wa mkono wa mtoto, ulikuwa umetundikwa ubao wa chuo, na juu yake alif moja, imeandikwa kwa wino mweusi. Nyange aliuachia mkono wa mama yake, akapanda kitandani, akalala chali.

"Changu hiki?" akauliza.

"Chako," alisema Bi Mwanawema.

Mwanapili alishika mlango. Kina mama walikuwa nyuma yake wamesongamana.

Baada ya kula, walipokwisha kunawa, Mwanapili alisogea, akapiga magoti, akaitoa doti ya kisutu na kuiweka juu ya mkeka mbele ya Bi Mwanawema. Alisogeza na sufuria, ambalo hakuna aliyekuwa ameligusa.

"Bi Mwanawema, shikamoo. Nimekuja kumkomboa Nyange."

Bi Mwanawema alikipapasa kitambaa kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa.

"Kisutu kizuri. Lakini hiki ni cha mwaka ule, mlezi. Nilipoletewa habari kwamba Nyange katembea, nilioga, nikavaa, nikakaa pale barazani. Siku ile nzima. Na ya pili. Kila mashua ikitoka Wesha nilinyanyuka. Nilikuwa nimejiambia, akija nitampa, nitalia, nitampa." Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililomtisha Mwanapili. "Hukuja. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, hukuja. Mtu asiyekuja kukomboa kaachia. Nikasema, Mwanawema, umepewa. Nikaanza kufunga kila Jumatatu, nikimwombea mwanangu. Sasa unaniambia nini? Kwamba ulisahau?"

Mwanapili alifungua kinywa. Alikuwa na majibu: alikuwa na uchungu wa kuzaa, alikuwa na maziwa, alikuwa na usiku wa homa aliokesha. Lakini mbele ya kitanda kile kila jibu lilimtia haya. Kusahau hakusahau. Alicheka. Alikuwa akisukwa nywele, akalisimulia jambo hili, akacheka, na mtu mmoja amevaa amekaa barazani.

"Sikusahau," alisema. "Nililidharau."

Bi Mwanawema aliitika kwa kichwa, kama aliyekuwa akilijua. "Basi. Kuleni halua, mkaangalie mji wenu. Mtoto yuko kwake."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Mwanapili aliinuka. Bi Khairiya alidhani anaondoka, akanyoosha mkono kumshika, hakumpata. Mwanapili aliingia chumbani, akamnyanyua Nyange kutoka kitandani, akapita katikati ya wenzake, akatokea mlango wa uani. Nyuma ya nyumba, kando ya mpapai, lilikuwepo jaa: majivu, maganda ya ndizi, vipande vya ukindu mbovu, miba ya samaki. Akaenda moja kwa moja, na buibui lake jipya, akakaa juu ya lile jaa. Akampakata mtoto.

Mwatima akajifunika mdomo kwa kanga. Mama mmoja alisema bismillahi kwa sauti ya chini. Bi Mwanawema alitoka hadi uani, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake uliyumba.

"Unafanya nini, mlezi? Utachafuka."

"Mie pia sina mwenyewe," alisema Mwanapili. "Mama alikufa, bibi yangu Mwatum kafa, unajua, ulikuja kumzika. Ukimchukua huyu kutoka jaani, nami niko jaani. Ukituacha, tuache sote."

Nzi walikuja. Nyange alipata ganda la kaa akalichunguza. Bi Mwanawema alisimama muda mrefu, mikono yake inaning'inia kama ya mtu ambaye mzigo wake umeondolewa kichwani bila ya kuombwa. Alimgeukia Bi Khairiya kana kwamba msomi atasema kama jambo hili limo kwenye vitabu. Bi Khairiya mwenyewe alikuwa akitokwa na machozi.

Hatimaye kikongwe akasogea. Akainama, akatia mkono mmoja chini ya kwapa la Mwanapili na mwengine kwenye kifua cha Nyange, akainua. Mwanapili alikuwa mzito kuliko mtoto wa siku saba, ikabidi amsaidie kidogo kwa miguu.

"Nimeokota watu jaani," Bi Mwanawema alisema, na pumzi zikamkatika. "Mwanamke na mtoto wake. Ni wa nani hawa?"

Kina mama wakatazamana. Hawa ndio waliokula naye, waliosoma naye, waliomwachia safari yao yote mikononi.

"Hatuwajui," alisema Bi Khairiya.

"Hatuwajui," wakasema wengine, mmoja mmoja. Mwatima alikuwa wa mwisho, na aliongeza, kwa sababu hakuweza kujizuia, "Tena huyo mkubwa ananuka samaki."

"Basi ni wangu," alisema Bi Mwanawema. "Huyu mwanangu, na huyu mjukuu wangu." Akampangusa Mwanapili majivu mgongoni, kwa nguvu, kama anayepangusa mtoto mkaidi. "Ingia ndani ubadilishe, mama Nyange. Vaa hicho kisutu. Mtoto wa kike haji kwa mama yake akakaa hivi."

Mama Nyange. Mwanapili alikuwa ameitwa hivyo maelfu ya mara bombani na sokoni, na sasa ilimbidi aketi kizingitini.

Wenzake walikwenda kuuangalia mji wa kale peke yao. Walirudi wakizungumza wote kwa pamoja, makaburi, minara, matundu yalipokuwa mabakuli, kisima ambamo Mwatima nusura aangushe kiatu. Maji yalikuwa yameanza kupwa na Msellem alikuwa akiwahimiza. Walimkuta Mwanapili barazani amevaa kisutu, anachambua ukindu, na Nyange amelala kwenye kitanda chake kipya, mguu mmoja nje.

"Harudi leo," Bi Mwanawema aliwaambia. "Nimempata mchana huu, nimpe nani jioni?"

"Na Ahmada?" aliuliza Msellem. "Nitamwambia nini mie?"

Kikongwe akafikiri. "Mwambie mkewe yuko kwa mama yake. Akimtaka avae kanzu, aje amwombe, kama anavyoomba mtu mwenye adabu. Na aje na mzee mmoja wa kusema naye."

Msellem alimtazama Mwanapili, akingoja akanushe. Mwanapili, ambaye ndiye aliyeipanga safari ile na hakuwa ameliona hata jiwe moja la ule mji, alicheka mpaka ukindu ukamwanguka.

"Mwambie hivyo hivyo," alisema alipopata pumzi. "Na mwambie asije mikono mitupu."